Northern Soul: tunaandaa usiku wake Tabora. Historia, hatua, sakafu na santuri, tunaomba msaada

Isevya_Santuri (Tabora)

Wakuu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wapenda santuri hapa Tabora mjini. Tunaandaa usiku mmoja wa Northern Soul, yaani ule muziki wa soul wa Marekani wa miaka ya 1960 ambao vijana wa viwandani kaskazini mwa Uingereza waliugeuza kuwa dansi la mkesha. Ukumbi tumepata: mita 12 kwa 10, sakafu ya saruji nyekundu inayong'arishwa kwa nta. Mashine za santuri tunazo mbili, na moja ilitoka Marekani.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza historia iliyonyooka, kwa sababu mshereheshaji atapewa dakika tano kabla ya muziki kuanza na hatutaki apotoshe watu. Pili hatua zenyewe. Watu wetu wamelelewa na dansi la bendi, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids. Wanajua kushikana na kuzunguka ukumbi taratibu, na huku kila mtu anacheza peke yake. Tatu santuri: ngapi zinatosha kwa saa tano, na zipi za kuogopa.

Stesheni_Kigoma (Kigoma)

Ndugu Isevya, mwambie mshereheshaji aanze na jambo hili kabla ya mwaka wowote: muziki huu haukutengenezwa Uingereza. Waimbaji wengi ni Wamarekani weusi wa Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles, na sehemu kubwa ya nyimbo zilirekodiwa kati ya 1964 na 1968. Waingereza walileta miguu na masikio. Walichagua kutoka kwenye rundo la nyimbo zilizododa, wakazicheza mpaka zikawa hai.

Zilidoda kwa nini? Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi kwenye mstari wa kuunganisha magari wa kampuni ya Ford, alianzisha kampuni ya santuri ya Motown mjini Detroit mwaka 1959. Motown ilipotajirika, kila mwenye studio ndogo alitaka kutoa mdundo ule ule: ngoma inayogonga kila pigo bila kupumzika, besi inayotembea, tarumbeta, vinanda vya nyuzi, na sauti inayolia juu yake. Kampuni ndogo za Golden World na Ric-Tic zilikuwa hapo hapo Detroit, na wapigaji wa Motown walikuwa wakitoroka usiku kwenda kuzipigia kwa ujira wa ziada. Okeh ilirekodi Chicago, Mirwood ilikuwa Los Angeles. Nyimbo zikawa nyingi kuliko nafasi za redioni. Santuri ambayo madijei wa redio hawakuipokea mwanzoni ilikuwa imekwisha. Iliuzwa kwa jumla kwa bei ya kutupa, mara nyingi ikiwa imetobolewa tundu kwenye lebo kuonyesha kwamba imefutwa kwenye orodha.

Sasa njoo upande wa pili wa bahari. Klabu ya Twisted Wheel ilifunguliwa Manchester mwaka 1963, ikahamia mtaa wa Whitworth mwaka 1965. Sheria za pombe za wakati ule zilifunga baa mapema usiku, kwa hiyo mkesha uliendeshwa bila pombe. Waliokuja ni vijana wa viwanda vya pamba, machimbo ya makaa ya mawe, karakana na maduka. Mshahara wa wiki umeingia Ijumaa, na Jumamosi usiku ni wao. Hakuna cha kunywa cha maana, hakuna bendi kila mara, hakuna meza za kukaa na kutazamana. Kuna santuri na sakafu. Ndiyo maana walihitaji nyimbo za kasi: wimbo wa polepole ukiwekwa saa kumi alfajiri, miguu inalala.

Jina lilitoka London. Dave Godin alikuwa mwandishi wa habari za soul na mwenye duka la santuri liitwalo Soul City, eneo la Covent Garden. Mnamo 1968 aliona kwamba wateja waliokuja kutoka kaskazini kufuata timu zao za mpira hawakutaka funk mpya. Walitaka mtindo wa zamani wa kugonga. Akawaambia wauzaji wake watenge santuri hizo kwa jina la Northern Soul. Mwaka 1970 akaliandika kwenye jarida la Blues & Soul, likaenea. Kwa hiyo "northern" ni kaskazini ya wachezaji. Wengi hukosea hapo wakadhani ni kaskazini ya Marekani.

Twisted Wheel ilifungwa mwanzoni mwa 1971. Ikafuata Golden Torch huko Tunstall, mji wa wafinyanzi ndani ya Stoke-on-Trent, nayo ikafungwa 1973. Halafu tarehe 23 Septemba 1973 Wigan Casino ikafungua mkesha wake wa kwanza, saa nane usiku. Wigan ulikuwa mji wa makaa ya mawe na pamba. Jengo lilikuwa ukumbi wa zamani wa dansi, lenye sakafu ya mbao na roshani inayozunguka juu, na waliocheza pale walikuja kwa treni na mabasi kutoka kila upande wa nchi. Mikesha hiyo ilidumu hadi Desemba 1981.

Na mshereheshaji asisahau kwetu. Wakati vijana wa Manchester wanakesha na soul, huku Tanzania muziki huo huo ulikuwa unagombewa: Novemba 1969 Mkoa wa Pwani, Dar es Salaam ikiwa ndani yake, ulipiga marufuku soul kwenye kumbi. Wazee wengi wa Tabora watakuwa wanaikumbuka habari hiyo. Ukiitaja, ukumbi wote utajua kwamba hamjaleta kitu kigeni.

Bangwe_1965 (Kigoma)

Mzee Stesheni amesema vizuri, shikamoo mzee. Naongeza mambo mawili ambayo watu hupenda kuyaficha.

La kwanza ni dawa za kulevya. Mkesha wa saa nane mpaka asubuhi baada ya wiki nzima kiwandani, wengi waliusukuma kwa vidonge vya amfetamini. Polisi walizisakama Twisted Wheel na Torch kwa sababu hiyo, na vijana waliharibikiwa afya. Mshereheshaji aseme ukweli huu kwa sentensi moja, kisha mpange saa zenu ziwe za binadamu: anzeni saa mbili usiku, saa saba muwe mmemaliza. Dansi lenyewe halihitaji kidonge.

La pili ni ugomvi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 jamii ile iligawanyika. Kwenye ukumbi wa Blackpool Mecca, chumba cha Highland Room, Ian Levine na Colin Curtis walianza kuweka santuri mpya za wakati ule, laini zaidi, zenye mipangilio ya kisasa. Wigan Casino, kwa Russ Winstanley na Richard Searling, ilishikilia ile midundo ya kugonga ya miaka ya 1960. Watu waligombana kwa uchungu kweli. Mimi naona Blackpool walikuwa na hoja: nyimbo za zamani zilizododa zina mwisho, na ukichimba sana unaanza kuokota zile ambazo zilidoda kwa haki. Lakini kwa usiku wa kwanza Tabora, fuateni Wigan. Mgeni anaukamata mdundo wa kugonga ndani ya sekunde kumi.

Nyongeza kidogo kwa mshereheshaji: mfano mzuri wa nguvu ya wachezaji ni "Tainted Love" ya Gloria Jones. Ilitoka 1965 ikiwa upande wa B, yaani upande wa pili wa santuri, haikwenda popote. Searling aliipata Marekani mwaka 1973 akaileta nyumbani, kumbi za kaskazini zikaishika, na 1981 kundi la Soft Cell likaiimba upya ikafika namba moja Uingereza. Watu wengi ukumbini watakuwa wanaijua hiyo ya pili. Wakisikia ya Gloria Jones watashtuka.

Dada_Gungu (Kigoma)

Nakuja kwenye miguu, na nitakwenda polepole kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Tafuta wimbo wenye mapigo kama 130 kwa dakika. Wimbo wa dakika mbili na nusu kwa kasi hiyo una mapigo 325, na mguu unagusa chini karibu kila pigo. Ndiyo maana hatua ni ndogo. Anayechukua hatua ya sentimita 60 kila upande atakuwa ameisha pumzi kabla ya kiitikio cha pili. Thelathini hadi arobaini inatosha.

Msimamo: magoti yamelegea, mgongo umenyooka, mabega yametulia, mikono inaning'inia karibu na kiuno kama ya mtu anayetembea kwa raha. Uzito uko mbele ya wayo, pale chini ya vidole. Kisigino kinagusa tu. Kiwiliwili hakirukiruki. Ukimtazama mchezaji mzuri kuanzia kiunoni kwenda juu, utadhani anateleza kwenye reli.

Hatua ya msingi ni hesabu nane. Moja, mguu wa kulia pembeni. Mbili, wa kushoto unaufuata na kufunga. Tatu, kulia pembeni tena. Nne, kushoto unarusha teke dogo mbele, chini chini, kama unasukuma kizibo cha soda. Tano hadi nane ni hayo hayo kwenda kushoto. Kwa mapigo 130, nane hizo zinaisha kabla ya sekunde nne. Fundisheni kwanza bila muziki, kwa makofi, mara ishirini kila upande; kisha kwa wimbo wa taratibu; kasi iwe ya mwisho. Kosa la kawaida ni kuburuza mguu unaofunga: unachelewa nusu pigo, na kwenye hesabu ya nne mwili unakuwa bado uko upande mwingine. Dawa yake ni kufupisha hatua ya kwanza. Kuongeza bidii hakusaidii.

Kuzunguka. Ukizunguka kwenda kulia, mguu wa kushoto ndio mhimili, mbele ya wayo. Fungua mikono, mguu wa kulia usukume sakafu mara moja, kisha vuta mikono yote kifuani na mguu wa kulia uje karibu na kifundo cha kushoto. Mikono ikiingia, kasi inaongezeka yenyewe, usijirushe. Chagua kitu ukutani usawa wa macho, taa au msumari, macho yabaki hapo mpaka shingo ishindwe, halafu kichwa kizunguke haraka kikitafute tena. Bila hivyo kizunguzungu kitakukuta kwenye mzunguko wa pili. Kusimama: fungua mikono, weka mguu wa kulia nyuma nusu hatua, kunja goti. Wiki mbili za kwanza ni mzunguko mmoja tu, ukiisha uwe umetazama pale pale ulipoanzia.

Kuanguka kinyumenyume, ile ambayo watu huipenda kwenye picha za Wigan, msiifundishe usiku wa tukio. Inaonekana kama mtu ameanguka, kumbe amechuchumaa. Magoti yanakunjwa mpaka makalio yako karibu na visigino, mkono mmoja unakwenda nyuma kabla ya uzito, kiganja chini, vidole vikitazama pembeni, kiwiko kimekunjwa kidogo. Makalio hayagusi chini. Kisha miguu, siyo mkono, ndiyo inayosukuma mwili kurudi juu, na yote hufanyika pale muziki unapokatika kwa pigo moja au mawili. Akinyoosha kiwiko kikawa mti mkavu, kiungo cha mkono kinateguka. Akichelewesha mkono, anatua kwa mfupa wa mkia. Wajifunze juu ya godoro, kuanzia kuchuchumaa, siyo kuanzia kusimama.

Makofi nayo ni sehemu ya dansi. Kwenye nyimbo zinazojulikana, ukumbi mzima unapiga kofi moja mahali pamoja, kali kama bunduki, kisha kimya. Chagueni nyimbo tatu tu, muwafundishe watu mahali pa kofi kabla ya kuanza. Hiyo ndiyo itakayowaunganisha wale waliozoea kushikana.

Mavazi yana sababu zake. Suruali zilikuwa pana sana chini, hizi tulizoziita bugaluu na pekosi, kwa sababu goti linahitaji nafasi na kitambaa kinafuata mzunguko. Wasichana walivaa sketi pana za duara kwa sababu hiyo hiyo. Juu singlendi au shati jepesi, na kila mtu alikuja na begi lenye taulo, shati la kubadili na poda. Kwenye begi wakashona beji, nyingi zikiwa na ngumi iliyokunjwa, alama waliyoichukua kwa harakati za Wamarekani weusi.

Isevya_Santuri

Dada, ubarikiwe, hii nitaichapisha na kuibandika ukutani. Umetaja poda. Tumeona kwenye picha wanamwaga poda sakafuni. Kwa saruji yetu yenye nta tununue kiasi gani?

Dada_Gungu

Kaka, kwa saruji yenye nta, hata kijiko kimoja usimwage.

Poda ilikuwa ya mbao. Mbao za ukumbi wa dansi zikishika jasho zinakamata soli, na poda kidogo inarudisha mtelezo. Saruji yenye nta tayari inateleza. Ukiongeza poda unapata utelezi wa barafu katikati na tope pembeni, pale watu walipomwagia maji. Siku mbili kabla ya tukio sugueni hiyo nta kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza mara mbili, acha ikauke kabisa. Kisha mjaribu na kiatu chenyewe. Ikikamata sana, mchezaji apake poda kidogo kwenye soli yake, kiasi cha kubana kwa vidole vitatu, akiwa nje ya eneo la kuchezea. Na isifike karibu na mashine za santuri; vumbi lake linaingia kwenye mifereji na linabeba sindano.

Soli iwe ya ngozi. Raba inashika sakafu wakati mwili unazunguka, na kinachopinda ni goti. Fundi viatu yeyote mzuri wa sokoni anaweza kubandua soli ya mpira na kushona ya ngozi, mwambie unene wa milimita nne hadi tano na asiweke mpira kwenye kisigino. Soli mpya ni laini mno kama kioo. Isuguliwe kwanza kwenye saruji kavu dakika kumi.

Jambo la mwisho ni magoti. Saruji hairudishi kitu. Kama fedha ipo, tandikeni mbao katikati: plaiwudi ya milimita 18, karatasi nane za futi nane kwa nne, mtapata karibu mita za mraba 24, nafasi ya wachezaji 12 hadi 15 kwa wakati mmoja. Chini yake zulia kuukuu. Viungio vifungwe kwa vipande vya mbao upande wa chini na skrubu zizame, kisha juu mbandike utepe mpana. Kingo za nje zichongwe mshazari. Ukingo ulioachwa wima wa milimita 18 unaangusha mtu gizani. Nyie wa Tabora mna mninga, mkipata ukumbi wa kudumu siku moja mnajua la kufanya.

Fundi_Ujiji (Kigoma)

Salaam. Naingia kwenye mashine na santuri.

Isevya, hiyo mashine ya Marekani iangalie leo, usisubiri siku ya tukio. Umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 230 na 50. Transfoma ya kushusha volti itaizuia isiungue, lakini haibadilishi ile 50. Kama mota yake ni ya zamani inayofuata mizunguko ya umeme, basi spidi 45 itakuwa 37 na nusu, na mwimbaji wa kike atasikika kama mzee wa kiume. Pima hivi: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka saa, hesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika moja kamili. Iwe 45. Mashine zinazozungusha sahani moja kwa moja kwa mota inayoongozwa na kioo cha kwatzi hazina tatizo hilo. Hizo zinahitaji volti sahihi tu. Zile za mkanda za zamani, fundi anaweza kubadilisha puli, lile gurudumu dogo la mota linalovuta mkanda. Jenereta nalo huyumba mizunguko mzigo ukibadilika, kwa hiyo mashine ya mota ya zamani usiiweke kwenye jenereta kabisa.

Mashine zikae juu ya saruji, mbali na ile plaiwudi ya Dada Gungu. Watu kumi na tano wakigonga mbao kwa pamoja, sindano itaruka kila kiitikio. Weka chini yake kipande cha sponji, juu yake bamba zito la jiwe au kigae kinene, ndipo mashine. Spika zisiitazame, besi ikirudi kwenye sindano inaanza kunguruma na kadiri unavyoongeza sauti ndivyo inavyozidi.

Hesabu ya santuri: nyimbo hizi ni fupi, dakika mbili na robo hadi tatu kasorobo. Saa tano ni dakika 300, kwa hiyo ni nyimbo 120 kama hakuna anayeongea. Tayarisheni 130, kwa maana kuna zitakazoruka. Asilani msirudie wimbo kwa saa mbili za mwanzo, wachezaji wanajua.

Santuri za Marekani za inchi saba zina tundu kubwa katikati, milimita 38. Mnahitaji kipande cha kujazia, na kikae katikati sawasawa. Kikilegea hata milimita moja, wimbo unayumba juu na chini kila mzunguko, na kwenye vinanda vya nyuzi inasikika wazi.

Sasa jambo linaloua santuri nyingi za soul: siyo zote ni za vinili. Viwanda kadhaa vya Marekani, kimoja kikiwa Monarch cha Los Angeles, vilitumia plastiki ya stayirini. Ni nyepesi, ukingo wake umekatwa mraba, ukiigonga kwa kucha inalia kwa sauti kavu. Haivumilii. Sindano chakavu ikipita mara chache, unasikia mchakacho kama mafuta ya kukaangia, na haurudi tena. Kwa stayirini tumia sindano mpya yenye ncha ya mviringo wa kawaida, uzito uwe ule aliouandika mtengenezaji wa sindano, na usiirudishe nyuma kwa mkono kutafuta mwanzo wa wimbo. Weka sindano kwenye nafasi ya mwanzo, subiri muziki, inua.

Kusafisha: maji safi ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachofuata mifereji, lebo isilowe. Spiriti muiache, hasa kama mtachanganya na zile sahani nzito za zamani za spidi 78, inaziyeyusha. Na vumbi la Tabora la Agosti na Septemba mnalijua: santuri isikae nje ya mfuko wake zaidi ya inavyopigwa. Zisimamishwe wima, zisilazwe, na zisiachwe kwenye gari juani hata nusu saa.

Bangwe_1965

Naongezea kwa Fundi, kuhusu kununua. Bei za soko hili zinatisha kwa sababu nakala ni chache. Mfano maarufu ni "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, ya mwaka 1965. Nakala zake za awali zinazojulikana ni za kuhesabu kwa vidole, na moja iliuzwa pauni za Kiingereza 25,742 mwaka 2009. Penye bei hizo pana wadanganyifu. Nakala za kughushi zilianza kuchapwa tangu miaka ya 1970, kwa kuwa mahitaji ya kumbi yalizidi santuri zilizopo.

Geuza santuri kwenye mwanga, usome ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Santuri za Monarch zina pembetatu ndogo yenye namba pembeni. Kama orodha inasema nakala halisi ni ya Monarch na hiyo yako haina pembetatu, au namba zimekwaruzwa kwa mkono wakati za asili ziligongwa kwa mashine, simama hapo hapo. Kukwaruzwa kwa mkono peke yake si ushahidi, kwa kuwa nakala halisi nyingi nazo zimeandikwa hivyo; lazima ulinganishe na picha ya ile ya asili. Herufi za lebo zilizofifia kingo, kama picha iliyopigwa picha, ni dalili nyingine. Na ukisikia mchakacho wakati uso wa santuri unang'aa bila mkwaruzo, mchakacho huo umerekodiwa humo ndani.

Kwa usiku wenu msinunue za asili. Kampuni ya santuri ya Kent ya Uingereza imekuwa ikitoa upya nyimbo hizi kihalali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sauti safi. Najua wapo wanaosema mkesha halali ni wa santuri za asili tupu, na heshima ya jambo hilo naielewa: dijei aliyetumia mshahara wa miezi kwa santuri moja alistahili kuwa yeye peke yake mwenye kuipiga. Walifika mahali pa kubandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kuandika jina la uongo la mwimbaji, ili dijei wa ukumbi mwingine asijue aitafute wapi. Mbinu hiyo mafundi wa muziki wa Jamaika waliitumia kabla yao. Lakini ninyi mnawaletea watu muziki, hamlindi siri. Bandikeni mlangoni orodha ya nyimbo zote, jina la mwimbaji, mji na mwaka. Waimbaji wale wengi hawakuwahi kujua kwamba kuna mji wa makaa ya mawe ulikuwa unalia nao kila Jumamosi, na jina kuandikwa sawasawa ni haki yao ndogo kabisa.

Stesheni_Kigoma

Mpangilio: saa ya kwanza nyimbo za Motown zinazojulikana, mapigo 115 hadi 120, watu wapate miguu. Saa ya pili na ya tatu pandisheni hadi 130 na zaidi, lakini kila baada ya nyimbo sita shusheni mbili watu wakanywe maji. Wekeni maji mengi, ndoo mbili za lita 20 zenye bomba, mbali na sakafu ya kuchezea. Kibali cha afisa utamaduni wa halmashauri kiombwe mapema.

Kufunga, fuateni desturi ya Wigan. Pale mkesha ulimalizika kwa nyimbo tatu zile zile kila wiki, zikiitwa tatu za kabla ya saa mbili asubuhi: "Time Will Pass You By" ya Tobi Legend, "Long After Tonight Is All Over" ya Jimmy Radcliffe, na "I'm On My Way" ya Dean Parrish. Zote tatu zinasema kwaheri kwa namna yake. Msiziweke mapema usiku hata mtu akiomba.

Isevya_Santuri

Wakuu, asanteni sana, wote. Fundi, nimepima ile mashine kwa karatasi kama ulivyosema: mara 37, na ukingo wa karatasi ukawa umefika nusu. Ina mkanda. Puli nimeitoa, kipenyo chake sehemu ya spidi 45 ni milimita 15.

Fundi_Ujiji

Hiyo ndiyo 37 na nusu, umepima vizuri. Kwenye mashine ya mkanda, spidi ya sahani inafuata kipenyo cha puli, kwa hiyo unahitaji 15 mara 60 gawanya kwa 50: milimita 18. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma, achonge kwa shaba au alumini, tundu la katikati libane kabisa kwenye mhimili wa mota. Mwambie uso wa puli asiuache bapa. Uwe na kitumbo kidogo katikati, la sivyo mkanda utapanda na kuchomoka. Ukiifunga, pima tena kwa karatasi kwa dakika tatu mfululizo, ipate mara 135. Ikizidi, mwache fundi apunguze kidogo kidogo kwa msasa laini. Ikipungua, ni puli nyingine.